Ndege Wanaoyajua Majira ya Kurudi
Tafakari ya Dominika katika kipindi cha Kwaresima. Somo: Yeremia 8:7

 

Nabii Yeremia, katika sura ya nane, aya ya saba, anawatazama ndege wa angani na kuona kwao fundisho kwa taifa zima. Anasema kwamba ndege huyajua majira yao na kuutambua wakati wa kurudi, ilhali watu wa Mungu hawayatambui ayatakayo Bwana. Nchi ya nabii imo katika njia kuu ya ndege wasafirio kati ya Ulaya, Asia na Afrika, na kila mwaka watu waliwaona wakipita juu ya vichwa vyao. Sisi wakazi wa Dar es Salaam tunao ushuhuda kama huo, tena karibu sana na milango yetu.

Mto Msimbazi huanzia vilima vya Pugu, ukapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, jirani kabisa na mitaa ya Kariakoo, kisha ukaingia baharini penye Daraja la Selander. Mahali hapo pana mikoko, na maji yakipwa hubaki tope jeusi lililo wazi. Machoni pa abiria wa daladala, hapo hapana kitu. Lakini ndani ya tope hilo wamo minyoo, kaa wadogo na konokono, na hiyo ndiyo meza aliyoiandaa Mungu kwa wasafiri wake.

Mmoja wa wasafiri hao ni kitwitwi mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kuelekea chini. Uzito wake ni kama gramu 60, wala haujazi kiganja cha mkono. Hutaga mayai kaskazini kabisa mwa Siberia, katika nchi ya barafu, zaidi ya kilomita 9,000 kutoka hapa. Baridi inapokaribia huko, husafiri hadi fukwe za Afrika. Ifikapo mwezi wa Machi, manyoya yake ya kijivu hubadilika kuwa mekundu kama tofali la kuchoma. Hula kwa bidii mchana na usiku, kadiri maji yanavyopwa, akajiwekea mafuta mwilini, maana mafuta hayo ndiyo posho yake ya safari. Kisha, Aprili na Mei, huondoka kurudi kwao.

Wako pia ndege weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene, wawindaji hodari wa kaa. Hao huzaa kwenye mashimo wanayoyachimba mchangani, katika visiwa vya Ghuba na pwani za Bahari ya Arabu. Wazee wetu wa pwani wanaielewa vema safari yao, kwa kuwa majahazi nayo yalikuja na kaskazi, yakarejea Arabuni kwa kusi.

Maji yanapojaa, meza hufunikwa. Hapo ndege hukusanyika mahali pakavu, hasa kwenye mafungu ya mchanga, wakapumzika hadi maji yapwe tena. Fungu Yasini, lililo baharini kaskazini mwa jiji, limo katika hifadhi iliyotangazwa mwaka 1975 pamoja na visiwa vya Mbudya, Bongoyo na Pangavini. Ndege anayefukuzwa hapo mara kwa mara kwa mashua au kelele huyachoma bure mafuta aliyoyaweka, na safari yake huingia hatarini.

Ndugu wapendwa, hili ndilo tunalotaka kulitafakari. Ndege anaijua njia, anaujua wakati, wala hakosi moyo. Lakini kujua njia hakutoshi. Asipokuta kituo kinachomlisha na kumpumzisha, hatafika kwao. Mungu amemweka msafiri huyu mikononi mwa wenyeji wasiomjua, na wenyeji hao ni sisi.

Basi, tuangalie kwanza lile tope. Mfuko unaotupwa mferejini karibu na Mtaa wa Msimbazi hauishii pale. Mvua za masika huusukuma hadi bondeni, na bonde huufikisha kwenye meza ya kitwitwi. Taka hizo hizo huziba mifereji na kuzidisha mafuriko; nasi tunayakumbuka yale ya Desemba 2011, yaliyochukua uhai wa makumi ya watu jijini. Anayestawi kwa uchafu wetu ni kunguru wa asili ya India, aliyeletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, ambaye sasa amejaa Kariakoo na hula mayai na makinda ya ndege wengine. Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2015 juu ya utunzaji wa nyumba yetu ya pamoja, alitufundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitengani. Jangwani tunaviona vyote viwili kwa macho yetu.

Pili, tuwaangalie walio wachanga. Kitwitwi mchanga hasafiri na wazazi wake. Wao hutangulia kuondoka, naye hufuata peke yake njia asiyopata kuiona. Na wakubwa wanaporudi kaskazini, wengi wa wale wachanga hawaendi. Hubaki kwenye fukwe zetu mwaka mzima, mpaka wakomae.

Je, hatuwafahamu vijana wa namna hiyo? Wanashuka kwenye basi na begi moja, hawana mwenyeji. Kesho yake wako Kariakoo, wamebeba soksi na mikanda mkononi. Noeli inapofika, wenzao hurudi Moshi, Songea au Bukoba, nao hubaki, kwa kuwa nauli haijatosha, au kwa aibu ya kurudi mikono mitupu. Jumuiya Ndogo Ndogo isiyowajua kwa majina ni tope lisilo na chakula. Kwaresima ni majira ya kurudi kwa Baba. Lakini kijana atarudije kwa Baba, ikiwa ndugu aliye njiani hakumpa hata maji ya kunywa?

Makatekista, tunawashauri jambo jepesi. Wapelekeni watoto wa mafundisho ufukweni mwezi huu, maji yakiwa yamepwa. Wasimame mbali, wanyamaze, wahesabu ndege, watafute wale walioanza kuwa wekundu. Halafu someni pamoja ile aya ya Yeremia. Mkirudi, kila jumuiya isafishe mfereji wake kabla masika hayajakolea, na imtafute kijana mmoja asiye na mwenyeji.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Huenda uponyaji wetu wa Kwaresima hii umekuja kwa miguu myembamba, ukitembea topeni.

Tuombe. Ee Bwana, uliyewapa ndege majira yao, utujalie kuyatambua majira yetu. Utufanye kituo chema kwa kila msafiri, hata siku ile nasi tutakapofika nyumbani kwako. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.