Kumzuru Rafiki Katika Mji wa Ugenini

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wanaojiandaa kwenda kusoma ng'ambo)



Nimeombwa kusema nanyi juu ya siku za mapumziko huko ng'ambo, maana wazazi wengi huuliza, nao wana haki ya kuuliza: "Mwana tuliyemwuzia ng'ombe ili asome, anatafuta nini katika miji ya watu siku ya Jumamosi?" Jibu langu ni kwamba yuko mtu mmoja ambaye yampasa mwanafunzi kumwendea, hata ikiwa nauli itamlazimu kula mkate mkavu kwa juma zima. Mtu huyo ni mwenzake wa nyumbani anayesoma peke yake katika mji mwingine. Barua hazitoshi.

Nilipokuwa nikisoma London, rafiki yangu tuliyekaa naye bweni moja katika shule ya misheni alikuwa akisomea udaktari Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti. Kila mwezi aliniletea barua, na kila barua ilisema mamoja: hajambo, masomo yaendelea, baridi ni kali. Hata zikapita wiki saba za kimya. Barua iliyofuata ilikuwa na maneno yale yale, ila mwandiko ulikuwa umelegea kama wa mgonjwa. Siku hiyo hiyo nikaenda stesheni kuuliza nauli.

Kutoka London hadi Edinburgh ni zaidi ya kilomita 600, mwendo unaopita ule wa Mombasa mpaka Nairobi. Niliondoka stesheni ya King's Cross Ijumaa usiku, katika behewa la kukaa, maana la kulala lilikuwa ghali. Kulipopambazuka tulikuwa tukivuka mto Tweed huko Berwick, juu ya daraja lenye matao 28 lililofunguliwa mwaka 1850, na bahari ilikuwa kuume kwetu, rangi ya majivu.

Rafiki yangu alinipokea kwa kicheko kikubwa mno, akataka kunionyesha mji wote kabla sijanywa hata chai. Na kweli mji ule wastahili kutazamwa. Ngome yake imekaa juu ya jabali ambalo zamani za kale lilikuwa kooromeo la volkano, na kutoka hapo njia moja hushuka moja kwa moja hadi Holyrood, jumba la kifalme. Chuo Kikuu cha huko kilianzishwa mwaka 1583. Ndipo aliposoma Mwalimu Julius Nyerere tangu 1949 hata 1952. Katika bustani ya Princes Street imesimama sanamu ya David Livingstone.

Tulikuwa karibu na sanamu hiyo mzinga ulipolia ngomeni, nikaruka kama swala. Kumbe hupigwa kila siku saa saba mchana, isipokuwa Jumapili na sikukuu chache, na desturi hiyo ilianza mwaka 1861 ili mabaharia wapate kurekebisha saa zao. Waskoti husema kwa mzaha kwamba waliichagua saa hiyo, ambayo wao huiita saa moja, kwa kubana matumizi: adhuhuri ingewagharimu mizinga kumi na miwili. Nikamwambia rafiki yangu kwamba kwa hesabu yetu sisi wangepiga saba. Hapo alicheka kicheko chake cha zamani, na kwa hicho nikatambua kwamba kile cha asubuhi hakikuwa chake.

Chumbani kwake palikuwa baridi kuliko nje. Moto wa gesi uliwashwa kwa kutia shilingi katika kisanduku, na ilionekana kwamba hajatia shilingi kwa siku nyingi. Vitabu vilikuwa vimepangwa vizuri, vumbi juu yake. Sikuuliza neno. Mtu mzima hafunuliwi kama chungu.

Jumapili tulisali katika kanisa la St Giles, la Kanisa lile lile la Scotland lililoleta misheni Kikuyu na Tumutumu. Kisha tukapanda kilima kiitwacho Arthur's Seat. Urefu wake ni mita 251 tu; kwetu kingekuwa mahali pa kuchungia mbuzi. Kule juu, upepo ukitupiga, akasema, "Ndugu yangu, nimeshindwa mtihani." Miezi miwili ilikuwa imepita. Aliruhusiwa kuurudia, lakini hakujiandikisha. Alikusudia kutafuta kazi ya kupakua mizigo bandarini na kuendelea kuandika nyumbani kwamba anasoma, kwa kuwa baba yake aliuza ng'ombe watatu, na jina lake lilitangazwa kanisani siku ya kuagwa.

Sikumhubiria. Nilimwuliza siku ya mwisho ya kujiandikisha ni lini. Akajibu, "Ijumaa hii." Tukashuka, nikatia shilingi mbili katika kisanduku, tukaandika barua kwa baba yake. Sisi wafasiri tuna tabia ya kulainisha maneno, nikapendekeza aandike kwamba mtihani "ulikuwa mgumu." Akakataa, akaandika "nimeshindwa" kwa herufi kubwa. Usiku ule nikaibeba barua hiyo mfukoni, nikaitia posta London Jumatatu asubuhi kabla ya darasa.

Alijiandikisha Jumatano, na mtihani wa pili alifaulu kwa alama chache. Jibu la baba yake lilichukua majuma matatu. Juu ya ng'ombe hakugusia hata kidogo; aliuliza kama kilima kile kina majani ya kutosha, na kama wenyeji huchunga huko.

Basi mkifika huko, kabla ya kununua koti zuri, andikeni majina ya wenzenu na miji yao, mkaulize nauli za mwisho wa juma, maana mara nyingi huwa nafuu kwa wanafunzi wakikata tikiti mapema. Chukueni chakula chenu, kwa sababu cha njiani ni ghali. Wenye maswali juu ya mavazi na vyumba vya kupanga, nipo hapa mpaka saa kumi na moja.