Ana Kilo Ngapi?

Msikilizaji wangu, mtoto akizaliwa, ndugu huuliza mambo mawili: wa kike au wa kiume, na ana kilo ngapi? Jibu likiwa kilo mbili na robo, sauti hushuka. Hakosekani shangazi wa kusema mama alikuwa anachagua chakula, au ukoo wao ndivyo ulivyo. Maneno hayo yananiuma, kwa sababu mama analaumiwa kwa jambo ambalo nyumba nzima ilikuwa na mkono ndani yake.

Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka kwenye kilo 2.5. Aliye chini ya hapo hupoteza joto upesi, hunyonya kwa shida, na maradhi humwelemea. Wengine wamezaliwa kabla ya siku zao. Wengine wametimiza miezi yote, ila tumboni hawakukua inavyotakiwa.

Kwetu, malaria ina sehemu kubwa. Vimelea hujikusanya kwenye kondo la nyuma, pale pale mtoto anapopokea chakula na hewa kutoka kwa mama. Mama anaweza asipate homa hata kidogo, akaendelea kulima, kumbe mtoto anapunjwa. Mimba ya kwanza ndiyo yenye hatari zaidi. Ndiyo maana kliniki hutoa vidonge vitatu vya SP, dawa ya kukinga malaria, vinamezwa mbele ya muuguzi kuanzia wiki ya 13, kisha vinarudiwa kwa kupishana mwezi au zaidi, angalau mara tatu. Anayetumia septrini kila siku hapewi. Sasa aliyekwenda kliniki mara ya kwanza na mimba ya miezi minane, hizo mara tatu atazipatia wapi?

Kuna upungufu wa damu pia. Angalia sokoni, udongo wa kula umepangwa mafungu mafungu, wajawazito wananunua na kutafuna njiani. Hamu hiyo mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa madini ya chuma. Kipimo cha damu ni tone moja tu la kidoleni.

Presha ya mimba hupunguza damu inayomfikia mtoto, naye hudumaa. Kisukari hufanya kinyume: mtoto anapita kilo 4, tunashangilia bonge la mtoto, na kumbe mabega yanaweza kukwama wakati wa kutoka.

Lakini ninalotaka mlisikie hasa ni habari ya chakula na kazi. Nchini Gambia, katika vijiji 28, wajawazito walipewa kila siku, kuanzia wiki ya 20 hivi, biskuti mbili zilizookwa huko huko kwa karanga, unga wa mchele, sukari na mafuta ya karanga. Matokeo yalichapishwa mwaka 1997. Uzito wa watoto uliongezeka kwa wastani wa gramu 136. Kwa waliozaliwa msimu wa njaa, mvua zinaponyesha, ghala ni tupu na wanawake wamejiinamia mashambani, ongezeko lilikuwa gramu 201. Watoto waliozaliwa wafu au kufa wiki ya kwanza walipungua pia. Karanga na mchele, jamani!

Halafu huku bado yuko mama mkwe anayemkataza mkwewe mayai, eti mtoto atazaliwa hana nywele. Yuko anayemwambia ale kidogo ili mtoto asiwe mkubwa, na alfajiri anamtuma kuni na maji. Na yuko mume anayepakuliwa kipande cha samaki huku mjamzito akibakiwa na mchuzi.

Nawaambia ninyi waume na mama wakwe: ndoo abebe mwingine. Samaki, mjamzito naye agawiwe. Nauli ya kliniki itengwe mimba ikiwa bado changa. Na zahanati ikiishiwa SP au vifaa vya kupima damu, swali lifike mkutano wa kijiji, na wanaouliza wawe wanaume pia.