Kabla ya Bei ya Bando, Uliza Data Zinatokea Wapi

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayejiandaa kwenda Guangzhou kwa mara ya kwanza hushughulikia viza, tiketi, dola, anwani za viwanda na mtu wa kumpokea. Intaneti huiacha mwisho, na akiifikia huuliza jambo moja tu: gigabaiti moja ni shilingi ngapi? Ana haki ya kuuliza, maana fedha ni zake na safari ni ghali. Lakini kwa anayekwenda China bara, swali hilo likitangulia humfikisha kwenye laini ya bei nafuu ambayo haiwezi kufanya kazi iliyompeleka. Kuna swali linalopaswa kuja kwanza: nikiwa kule, data za simu yangu zitaingilia intaneti kutokea wapi, China au nje ya China?

Tazama kazi yenyewe inavyofanyika. Mnunuzi akiwa sokoni kule anapiga picha za mzigo na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp. Wateja walioko Dar es Salaam, Mwanza au Lubumbashi wanachagua rangi na saizi, wanakubaliana bei, wanatuma malipo ya awali, ndipo oda inawekwa kiwandani. Mnyororo huo wote unapita kwenye programu ambayo China bara imeifungia. Facebook ilizuiwa huko mwaka 2009. Google iliondoa huduma yake ya utafutaji mwaka 2010, Instagram ikafungwa mwaka 2014, na WhatsApp ikaanza kuvurugwa mwaka 2017 hadi ikazimika. Ukinunua laini ya China Mobile, China Unicom au China Telecom utapata intaneti yenye kasi na ya bei nzuri, ila WhatsApp haitafunguka. Waifai ya hoteli nayo kwa kawaida iko chini ya kizuizi hichohicho. Mgeni asiyejua hili huzima simu na kuiwasha, hubadilisha mipangilio, humlaumu aliyemuuzia kadi, huku siku za kununua mzigo zinakwisha na simu haina kosa lolote.

Roming, yaani kutumia laini ya nyumbani ukiwa ugenini, hufanya kazi kwa namna nyingine, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha hoja yangu. Simu inashika mnara wa kampuni ya China, lakini kwa kawaida data hazimwagwi kwenye intaneti palepale. Zinafungwa na kusafirishwa hadi kwenye mitambo ya kampuni iliyokuuzia laini, na huko ndiko zinakotokea kuingia kwenye intaneti. Kwa hiyo mwenye laini ya Tanzania aliyesimama Guangzhou anaonekana mtandaoni kama aliyeko Tanzania, na WhatsApp inafunguka bila hila yoyote. Gharama ya mzunguko huo ni muda: data zinakwenda mbali na kurudi, hivyo simu ya video inaweza kusuasua. Laini nyingi za Hong Kong, na eSIM nyingi (laini zisizo na kadi ya kuchomeka) wanazouziwa wasafiri, nazo hutoa data nje ya China bara. Si zote, hata hivyo. Zipo zinazotokea ndani ya China, na mbili zenye bei moja na gigabaiti sawa zinaweza kutofautiana kwa hilo tu. Ndiyo maana kila muuzaji aulizwe.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito, ni bei. Watu wanasema roming ni ya wenye fedha, na woga huo una sababu. Roming isiyo na bando hutozwa kwa megabaiti, na shilingi chache kwa megabaiti moja huonekana kidogo hadi uzizidishe mara 1,024 kupata bei ya gigabaiti nzima. Mtu asipande ndege bila kuifanya hesabu hiyo. Lakini kinachotoka hapo ni kwamba anunue bando la roming kabla ya kuondoka na alilinde, si kwamba aikimbie roming yenyewe. Azime upakuaji wa video unaojiendesha kwenye makundi, azime kuhifadhi picha kwenye Google, azime programu zinazojisasisha zenyewe. Kisha awe na laini ya pili, ya China, kwa mambo mengine: WeChat anayotumia na wenye viwanda, ramani za Kichina, malipo ya Alipay, na video za kupumzikia usiku. Simu za laini mbili zimejaa sokoni kwetu. Laini ya China itahitaji pasipoti, na tangu Desemba 2019 usajili wake unahusisha pia kupigwa picha ya uso. Kwa mpango huu bando dogo la roming linabeba kazi chache zinazoleta fedha, na mzigo mzito unabebwa na laini ya bei nafuu. Megabaiti 500 zinazofungua WhatsApp zina thamani kubwa kuliko gigabaiti 20 zisizoifungua, na hesabu ya gharama lazima ianzie hapo.

Wengine watasema: si kuna VPN, programu ya kukwepa kizuizi? Ipo, na wengi huitumia. Lakini China inadhibiti VPN zisizo na kibali, na huduma hizo hufanya kazi leo na kukwama kesho. Zaidi ya hapo, anayekumbuka VPN baada ya kutua atagundua kwamba duka la programu la Google limefungwa na tovuti nyingi za VPN hazifunguki. Mtu mwenye kontena la kujaza kwa siku chache hapaswi kuikabidhi biashara yake kwa kitu cha aina hiyo. Iwe akiba ya dharura, iliyowekwa kwenye simu akiwa bado nyumbani.

Laini ya nyumbani ina kazi nyingine ambayo bei ya gigabaiti haiionyeshi kabisa. Benki hutuma namba ya uthibitisho kwenye laini hiyo. Aliyeichomoa ili kupisha kadi ya China ameacha akaunti yake nyuma ya mlango usiofunguka. Mara nyingi kupokea ujumbe mfupi ukiwa roming hakutozwi, lakini thibitisha na kampuni yako, na uombe roming ifunguliwe mapema. Anayetaka eSIM apige kwanza *#06#. Ikitokea namba iliyoandikwa EID, simu inaipokea. Simu nyingi zilizotengenezwa kwa soko la China bara haziipokei, na hizo zipo nyingi mikononi mwetu.

Sidai kwamba roming ni jibu la kila safari. Anayekwenda Nairobi au Kigali hakutani na kizuizi hiki, basi anunue laini ya huko kwa bei ya huko. Anayekwenda Ujerumani kisha Ubelgiji anaweza kununua laini moja, kwa sababu tangu Juni 2017 nchi za Umoja wa Ulaya zimeondoa ada za ziada za roming baina yao. Uswisi na Uingereza hazimo, na hapo ndipo wengi hukatwa fedha. Dubai ina lake: kwenye laini ya huko ujumbe wa WhatsApp unapita, simu za WhatsApp zinazuiwa. Kila mara jibu limetokana na kazi na mahali, na bei imefuata baadaye.

Lawama, kwa maoni yangu, isiishie kwa msafiri. Kampuni za simu zinatangaza gigabaiti na siku za matumizi, lakini mahali data zinapotokea hazipataji, ingawa wahandisi wao wanapajua. Zipaandike, kwa Kiswahili, nchi kwa nchi, pembeni ya bei, na wahudumu wa kaunta wafundishwe kulijibu swali hilo. Maonyesho ya biashara ya Canton, yanayofanyika Guangzhou tangu mwaka 1957, hufunguliwa Aprili na Oktoba. Wiki za kabla ya hapo foleni za wafanyabiashara wetu ziko kwenye ofisi za viza na za tiketi, na tangazo hilo lingewafaa wakiwa palepale, kabla hawajapanda ndege.