Kabla Hujanunua Kitabu cha Programu, Angalia Mwaka

(Niliyoongea na vijana wa chama, Bariadi)



Mmezoea nikisimama hapa naongelea sheria. Leo naongelea vitabu vya kujifunza kutengeneza programu za simu, maana mimi mwenyewe nimeshaumia.

Mwaka wa kwanza chuoni nilitoa hela ya boom nikanunua kitabu kikubwa cha Android, cha mtumba. Miezi miwili nahangaika, kila hatua inagoma. Nikajiona sina akili. Kumbe kitabu ni cha 2013, kinafundisha kwa Eclipse, wakati Google walishahamia Android Studio zamani.

Sisi wa sheria tunajua: huendi mahakamani na Toleo la Sheria la 2002 wakati lipo la 2019 na la 2023. Huku nako ni vilevile. Mwaka 2019 Google walitangaza kwamba kwenye Android wanatanguliza Kotlin. Java bado inafanya kazi, ila mambo mapya yanaanzia Kotlin. Mwaka 2021 ikaja Jetpack Compose, namna mpya ya kupanga skrini. Kwa hiyo kitabu cha Android cha kabla ya hapo, anayeanza akiache.

Vitabu vya misingi ndo havizeeki haraka. Kama hujawahi kuandika hata mstari mmoja, anzia huko. Think Python cha Allen Downey na Eloquent JavaScript cha Marijn Haverbeke vinasomwa bure mtandaoni, tena kihalali. Huna kompyuta? Python unaandika hata kwenye simu. Ni vya Kiingereza, kwa hiyo someni wawili wawili, mmoja akikwama mwenzake amvute. Chagua kimoja, fanya mazoezi, kimalize.

Kazi ya kwanza ninayo: kilo za mzani mara bei elekezi ya pamba. Ni kuzidisha tu, lakini mzee wako atajua anachodai kabla hajaondoka AMCOS. Mkulima mwenye hesabu yake mkononi hapunjwi kirahisi. Hiyo nayo ni siasa. Ukianza kuhifadhi majina na namba za watu, nitafute kwanza: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu.

Maktaba na kompyuta kwenye shule za kata tutaendelea kuzidai, ni haki yetu. Ila tunadai huku tunasoma. Tukikutana tena, kila mtu aje amemaliza sura ya kwanza.