Kabla ya ndege ya Kinshasa: karatasi za kambi, daktari na ubalozi

(Mazungumzo mbele ya wanachama na wageni, Baraka, Disemba 2019)

Kamati ilituomba tuseme juu ya viza ya kumfuata bwana ao bibi kule Marekani. Juu ya Marekani yenyewe hatutasema mengi, hatujafika. Tutasema juu ya njia, sababu hiyo tumeitembea pamoja na watu wa hapa, tukawajazia fomu, tukawasindikiza mpaka kiwanja cha ndege, na mara moja tukakosea. Kosa hilo tutalieleza.

Munajua namna familia zetu zilivyogawanyika. Vita ya 1996 ilituvusha ziwa. Wengine tulikaa Lugufu, wengine Nyarugusu, na sisi tunaosema hapa shule ya kwanza tuliisoma chini ya shitingi za kambi. Kuanzia 2005 boti za HCR zikaanza kuturudisha kutoka Kigoma. Wengine walibaki, na kati ya waliobaki wengi wakapata nafasi ya kwenda Marekani. Kwa hiyo leo kuko mama analima muhogo hapa Fizi, na bwana wake anakata nyama kwenye kiwanda cha baridi upande mwingine wa dunia. Kila juma wanaonana kwenye simu. Mtoto anamjua baba kwa sauti.

Milango iko miwili. Mtu aliyefika Marekani kama mkimbizi anaweza kumwombea bibi ao bwana aliyemwacha, na watoto wa chini ya miaka 21 wasiooa wala kuolewa, kwa fomu inayoitwa I-730. Hiyo hailipishwi. Lakini ndoa inapashwa kuwa ilikuwako kabla hajafika kule, na fomu iingie ndani ya miaka 2 tangu afike. Wengi wetu miaka 2 inapita wakingali wanatafuta chumba na kazi. Mlango wa pili ni I-130, kwa mwenye kadi ya kijani ao raia, na huo unalipwa: mwaka 2019 zilikuwa dola 535 za kuingiza fomu, kisha dola 325 za viza na dola 120 za hati ya mdhamini. Feza hizo zinalipwa kwa serikali ya Marekani na yule aliye kule. Mtu akikuomba umpe mkononi hapa Baraka ao Uvira, hiyo si feza ya viza.

Jambo moja linawapiga watu bila kujua. Bwana mwenye kadi ya kijani akimwombea bibi, watoto wao wanaweza kufuata ndani ya ombi la mama. Bwana akiwa raia, haiko tena hivyo: kila mtoto anahitaji ombi lake. Kuko mabwana wanaopata uraia katikati ya safari, wanapiga simu kwa furaha, nasi huku tunashika kichwa, sababu watoto wameanguka nje ya faili na hakuna aliyewaambia. Akipata uraia, aseme siku ileile, maombi ya watoto yaanze.

Sasa tuje kwa karatasi, maana hapo ndipo sisi warudishwaji tunaumia kuliko watu wengine. Mtu ambaye hakukimbia ana jina moja na tarehe moja ya kuzaliwa. Sisi tuna jina la kadi ya posho, jina la karte ya uchaguzi, jina la ubatizo, na pasipoti iliyoandikwa na karani aliyesikia vibaya. Tarehe ya kuzaliwa tulipewa mezani, foleni ikiwa ndefu. Wengi humu ndani tumezaliwa tarehe 1 Januari, sivyo?

Kuko mama mmoja wa hapa. Jina lake tunaliacha, lakini mwenyewe ameturuhusu tuseme habari yake. Aliolewa kambini, kwa mahari na kanisani. Wakati huo kadi yake ya posho ilikuwa na matatizo, basi akaingizwa kwenye kadi ya wazazi wa bwana wake. Karani akauliza, huyu ni nani? Wakajibu, binti yetu. Kwa desturi yetu mkwe ni binti, hawakuona uongo. Kwa hiyo kwenye faili ya kambi akawa dada ya bwana wake. Baadaye alirudi Congo na mtoto, kumwuguza mama yake. Bwana akabaki, akapata Marekani, akaandikwa kijana asiye na bibi, mwenye dada aliyerudi kwao. Miaka ikapita, akamwombea bibi yake. Jina lilelile.

Sisi tulimsaidia kupanga faili. Tulitazama cheti cha ndoa kutoka komini, picha, risiti za Western Union. Vilikuwa safi. Hatukumwuliza swali moja: kule kambini uliandikwa nani? Hilo ndilo kosa letu. Na kwa sababu sisi hatukuuliza, alikwenda kuuliza komisioneri, naye akamwambia kwa dola 100: kataa kwamba ulikaa kambini, sema hukutoka Congo hata siku moja.

Akapanda ndege na jibu hilo. Kwenye dirisha la ubalozi aliinua mkono wa kuume, akaapa, alama za vidole zikachukuliwa. Swali la tatu ao la nne: umewahi kuishi Tanzania? Akasema hapana. Konsuli akatazama kompyuta, akanyamaza. Mama anatuambia ukimya ule ulikuwa mrefu kuliko safari yote. Halafu yeye mwenyewe, bila kusukumwa, akasema: samahani, nimesema uongo, niliishi Nyarugusu, niliandikwa kama dada yake, lakini ni bwana yangu. Akaeleza yote, mpaka kadi ya posho.

Maneno hayo ndiyo yaliyomwokoa. Kwa sheria yao, mtu aliyedanganya juu ya jambo zito ili apate viza anaweza kufungiwa maisha yote, na kuomba msamaha ni njia nyingine ya fomu na feza. Lakini anayejisahihisha mwenyewe mapema, kabla hajaumbuliwa, uongo wake unaweza usihesabiwe. Hatusemi mujaribu. Tunasema kama umeteleza, rudi nyuma palepale kwenye dirisha, usingoje kufika nyumbani.

Hakunyimwa kabisa, hakupewa pia. Alipewa karatasi yenye namba 221(g), yaani faili imesimama mpaka ulete vitu fulani. Ukipewa hiyo usilie njiani, soma. Una mwaka 1 wa kuleta wanachotaka; ukiisha bila neno, faili inafungwa. Kwake walitaka ushuhuda wa ndoa ya kambini, kipimo cha DNA cha mtoto na baba, na cheti cha polisi wa Tanzania.

Hicho cheti tukiseme vizuri, kinatuhusu karibu wote. Kila mwenye miaka 16 na zaidi anapashwa kuleta cheti cha polisi cha nchi yake, na cha nchi nyingine yoyote alimokaa zaidi ya miezi 12 akiwa amekwisha kutimiza miaka 16. Aliyerudi akiwa mtoto wa miaka 10, Tanzania haimhusu. Aliyekomaa kule, inamhusu, hata kama alikuwa mkimbizi, hata kama hakutoka nje ya kambi. Mama yetu alivuka tena ziwa kwenda Kigoma kutafuta cheti cha tabia njema, kwa maji yaleyale aliyoyavuka akiwa mgongoni mwa mama yake.

Alipokuwa akitafuta, vipimo vyake vya daktari vikaisha muda. Alilipa mara ya pili.

Tuje kwa huyo daktari. Si kila hospitali, hata iwe kubwa namna gani. Ni wale tu walio kwenye orodha ya ubalozi, na unakwenda kabla ya siku ya maswali, pasipoti na barua ya miadi mkononi. Uliza bei kwa simu kabla hujasafiri. Leta karte ya chanjo, hata imechakaa, maana chanjo iliyoandikwa hurudiwi, ile isiyoandikwa unapigwa na kulipa. Daktari ataangalia mwili wote. Bamama, munaweza kuomba mwanamke awe chumbani. Si adabu mbaya kuomba.

Damu inapimwa juu ya kaswende. Hiyo inatibika, ukimaliza dawa unaendelea. Virusi vya ukimwi si sababu tena ya kukatazwa kuingia Marekani tangu Januari 2010. Tunarudia, sababu bado tunakuta watu wanaoficha dawa zao ao kuziacha wiki mbili kabla ya safari ili «damu isafike». Damu haisafiki, mgonjwa ndiye anayedhoofika. Kunywa dawa zako, zibebe.

Linalowaogopesha watu zaidi ni kifua kikuu. Kuanzia miaka 15 kila mtu anapigwa picha ya kifua. Watoto wa miaka 2 mpaka 14 wanapimwa damu kwanza. Mama mwenye mimba aseme mapema: anaweza kufunikwa tumbo na kupigwa, ao kungoja mpaka ajifungue. Picha ikionyesha alama yoyote, hata kovu la zamani, utaombwa makohozi ya siku 3, na maabara inayaotesha mpaka wiki 8. Kama ugonjwa uko, unatibiwa mpaka mwisho, kisha njia inaendelea. Kifua kikuu kinachelewesha, hakifungi mlango. Kwa hiyo aliyewahi kutibiwa hapa kwetu alete karatasi zake za matibabu na picha za zamani, asifiche, maana kovu linaonekana na daktari atajiuliza mengine unayoficha.

Vipimo kwa kawaida vinadumu miezi 6, vya mwenye alama za kifua kikuu vinaweza kuwa vya miezi 3, na viza haipiti tarehe yao. Ndiyo maana tunasema usikimbilie daktari ikiwa cheti cha polisi hakijapatikana. Na ukipewa bahasha iliyofungwa, usiifungue, hata kama shemeji anataka kusoma.

Siku ya maswali yenyewe si ngumu kama watu wanavyosema. Wataulizwa mambo ya nyumbani: mulikutana wapi, nani alileta mahari, bwana anaishi na nani, anafanya kazi gani, lini mulionana mara ya mwisho. Usikariri. Waliokariri wanajulikana, wanajibu haraka kama watoto wa katekisimu. Mutu aliyeoana kweli anasahau tarehe, anakumbuka mvua iliyonyesha siku ile. Sema tangu mwanzo lugha unayoielewa, na usiseme ndiyo kwa swali ambalo hukulisikia. Bwana na bibi mupigiane simu kabla, si kwa kupanga hadithi, ila kukumbushana nini kiliandikwa kambini, na kama ni kibaya, mukieleze wenyewe kwa maandishi mapema, kabla ya kuulizwa.

Na ndoa ziandikishwe. Mahari na kanisa ni vitu vya heshima, lakini sheria ya familia ya Congo ya 1987 inataka ndoa ya desturi iandikishwe kwa serikali. Kuchelewa kuandikisha kunaelezeka. Kubadilisha tarehe ili ionekane haikuchelewa hakuelezeki.

Mama yetu alipata viza mwezi wa tisa. Ameondoka na mtoto. Ameacha deni la chumba cha Kinshasa na la ndege ya pili, na analilipa kidogokidogo kutoka kule.

Hapo tunawageukia kamati na wafadhili. Mpaka leo mfuko wetu unakopesha nauli ya kwenda, mara moja. Hapa kwetu hakuna barabara ya kufika Kinshasa. Mwaka 2019 ilikuwa ni kwenda Bukavu ao Goma, kisha ndege. Mtu anafika na feza ya masiku 10, anaambiwa kuhusu makohozi wiki 8. Wapi atalala? Hapo ndipo wengine wanarudi kabla ya majibu, na hapo ndipo komisioneri anawakuta. Tunaomba mfuko uongeze mkopo wa kungoja, kwa mwenye karatasi ya daktari ao ya ubalozi inayoonyesha kwamba anangoja. Wengine kwenye kamati wamesema mfuko ungelipa komisioneri, «maana wanajua njia». Tulikataa, na tutakataa tena kesho kwenye kura. Dola 100 zile karibu zimfungie mama yule maisha.

Meza yetu iko pale nyuma, chini ya mwembe, mpaka saa kumi. Mulete kadi za kambi, hata zilizopasuka, hata zenye jina lisilo lenu. Tutaanza na bamama wenye watoto wadogo.