Salfa Ikiingia Jichoni mwa Mtoto
Vijana wenzangu wa Mtwara, msimu wa kupulizia mikorosho, unga wa salfa unafika hadi uani, na wadogo zetu ndio wanaocheza pale. Ukimwingia mdogo wako jichoni, usimwache afikiche. Nawa mikono kwa sabuni, mlaze ubavu, jicho lenye unga liwe chini. Fungua kope, mimina maji safi taratibu dakika 15 au zaidi. Atalia, wewe endelea tu. Maziwa ya mama, majani, mkojo? Hapana, jamani! Likibaki jekundu au likiuma, zahanati. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza: osha hivyohivyo, kisha Ligula au kituo cha karibu, siku hiyohiyo. Mwiba ukichoma jicho, usioshe, usiuchomoe. Funika kwa kikombe safi, mkimbize.