Kielezi Mbele ya Yakini

Leo tuitazame ile sentensi ya Kiingereza ambamo kivumishi, kama vile "certain", "glad" au "aware", hufuatwa na kishazi kianzacho kwa "that", neno ambalo hapo hufanya kazi ya "kwamba" yetu.

Mswahili asemapo "nina yakini kabisa kwamba jahazi limewasili", huitanguliza yakini, na "kabisa" ikaifuata nyuma. Ndiyo sababu mwanafunzi wetu, ingawa maana ameifahamu barabara, huandika "I am certain absolutely that", ilhali Mwingereza hukitanguliza kielezi na kusema "absolutely certain that". Tena "aware" huchagua "well" au "fully", na "likely" husuhubiana na "highly". Hiyo ni ada ya lugha, na ada hushikwa kwa sikio.

Lililo zito zaidi ni daraja ya yakini yenyewe. Asemaye "absolutely certain" ameidhamini habari yake; asemaye "fairly certain" amejibakishia nafasi ya shaka; na "almost certain" haijaifikia yakini. Neno "quite" lataka hadhari kubwa, kwani kwa Waingereza, likiwa mbele ya "good", mara nyingi hupunguza sifa, bali mbele ya "certain" huitimiza. Shahidi mahakamani asiyelitambua hilo aweza kuapia asilolikusudia.

Basi, msikilizaji, upatapo barua ya Kiingereza, tafadhali pigia mstari kila kielezi kitanguliacho kivumishi cha namna hii, kisha uisome sentensi tena pasipo kielezi hicho.